Ploti ya mtaa ina wadhamini, sawa, lakini hao wadhamini wanamwogopa nani?

Kila penye ugomvi wa kiwanja Nairobi siku hizi utasikia mtu anasema tuiweke chini ya trasti, yaani wadhamini waishike kwa niaba ya watu. Uwanja wa mpira unamezewa mate na mtu wa kujenga fleti, trasti. Sosho holi, ule ukumbi wa mtaa, imefungwa kufuli na hakuna anayejua funguo iko kwa nani, trasti. Na ukishataja wakfu wa hisani, ukaweka majina ya mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu na mama mwenye heshima zake pale mtaani, watu wanapumua, wanaona hiyo ardhi sasa imepata mwenyewe na kazi imeisha, kila mtu anarudi kwa shughuli zake.

Mimi sipingi trasti, naziunga mkono kabisa. Shida yangu ni hiyo sehemu ya kupumua. Ukifuatilia historia ya ardhi ya hili jiji utaona viwanja vingi vilivyoenda havikuwa vimeachwa ovyo ovyo, vilikuwa na mtu anavishikilia kwa niaba yetu, mwenye mamlaka kamili ya kisheria, na huyo huyo ndiye alisaini. Kwa hivyo hili swali la hati iko kwa nani mimi naliweka la pili. La kwanza ni nani anaweza kumkamata huyo mshika hati na kumwambia leta vitabu tuone, na akikataa kuleta nini kinafuata.

Chukua Uhuru Park. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kusimamisha jengo la ghorofa 60 mle ndani, KANU, chama tawala cha wakati huo, wakishirikiana na yule tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, na kampuni iliyokuwa mbele ya mradi ilikuwa inaitwa Kenya Times Media Trust, yaani hata jina la trasti siku hiyo lilikuwa upande wa matingatinga. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akaenda kortini. Wengi wanakumbuka vile alitukanwa na wanasiasa na vile hakutikisika, wachache wanakumbuka kesi yenyewe iliisha vipi. Ilitupwa. Na haikutupwa ati kwa sababu mradi ulikuwa mzuri, ilitupwa kwa sababu korti iliona yeye hana haki ya kushtaki, hakuonyesha ameumizwa kivyake zaidi ya mwananchi mwingine yeyote. Ebu kaa na hiyo kidogo. Bustani ni ya kila mtu, kwa hivyo hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuuliza. Kilichookoa Uhuru Park mwishowe ni kelele, kelele za hapa na za nje, mpaka wenye pesa wakaingia baridi wakajitoa.

Sasa hiyo ilibadilika na watu wengi mtaani hawajui imebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inasema ukienda kortini kutetea haki ya mazingira huhitaji kuonyesha kuna mtu amepata hasara ama ameumia. Na kwa mambo mengine kuna kifungu cha 22 na cha 258, vinakuruhusu kwenda kwa niaba ya umma. Mimi naona hivi vifungu vimefanyia viwanja vya Nairobi kazi kubwa kuliko bodi yoyote ya wadhamini, kwa sababu vinampa mtu wa kawaida mlango wa kuingilia, hata kama ni mpangaji wa chumba kimoja ambaye jina lake haliko kwa karatasi yoyote ya ardhi duniani.

Bustani ya Jeevanjee nayo ina somo lake. A. M. Jeevanjee, yule mfanyabiashara aliyepata utajiri wakati wa ujenzi wa reli, alitoa hiyo bustani kwa watu wa Nairobi mwaka 1906. Ekari kama 5 hivi, katikati ya mji, bure. Mpokeaji alikuwa nani? Jiji. Na mwaka 1991 ni wakuu wa jiji hao hao walikuja na mpango wa kujenga pakingi ya ghorofa na soko juu ya zawadi ya watu. Aliyesimama mbele kupinga alikuwa mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, na wengine wakaungana naye, na bustani ikabaki, ndio maana mpaka leo unaweza kula chipsi pale na kusikiliza wahubiri na wale wa siasa wakibishana bila kulipa shilingi. Lakini angalia vile ilikuwa karibu. Bila familia yenye kumbukumbu ya nani alitoa na alitoa kwa sharti gani, ingebaki neno la wakuu wa jiji peke yake. Na viwanja vingi vya Eastlands havina mjukuu wa kuvitetea.

Tena hilo si jambo la Nairobi peke yake. Chini ya katiba ya zamani ardhi kubwa ya nchi ilikuwa inaitwa ardhi ya dhamana, mabaraza ya kaunti ndiyo yalikuwa wadhamini kwa niaba ya wenyeji, na ripoti ya 2004 ya tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilipotoka ikakadiria hati kama 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, mabaraza yakiwa miongoni mwa waliogawa. Wadhamini hao! Na mpaka leo Katiba inasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, kaunti inaishika kwa dhamana kwa ajili ya wakazi. Kwa hivyo tayari tuko na trasti moja kubwa sana inaitwa Kaunti ya Nairobi, na kila mtu anajua vile tunalala usingizi juu yake.

Haya, tuje kwa karatasi zenyewe, na hapa nitakaa sana maana hapa ndipo mitaa inapigwa chenga.

Njia ya kienyeji ambayo mitaa mingi ilitumia ni kuandika majina ya wazee watatu kwa taito na kuwaamini. Miaka ishirini inapita, mmoja amefariki, mwingine yuko Marekani kwa mtoto wake na hapokei simu, na wa tatu bado yuko lakini vijana wake wameshaanza kusema hii ploti ni ya baba. Hapo ndio trasti iliyosajiliwa inasaidia kweli, kwa sababu wadhamini wakiandikishwa chini ya ile sheria inayoitwa Trustees (Perpetual Succession) Act, wanakuwa mtu mmoja wa kisheria asiyekufa, mzee akienda ardhi haiingii kwa mirathi yake, inabaki pale pale. Hiyo peke yake inatosha kulipia wakili.

Lakini kuna shimo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu mtu aandikwe kwa rejista na maneno "kama mdhamini", ila maelezo ya hiyo dhamana, ni ya nini, ni kwa ajili ya nani, hayaingii kwa rejista. Unaweza kupeleka nakala ya hati ya trasti kwa msajili aiweke salama, sawa, lakini kuwekewa salama si kusajiliwa. Maana yake ni nini, mtu akifanya sachi, yaani akiangalia rejista ya ardhi, anaona jina la mwenye ardhi, haoni ile sentensi mliyobishania mpaka saa nne usiku kwa sosho holi kwamba uwanja huu hautauzwa milele. Sentensi iko kwa droo. Na mnunuzi mjanja atasema sikujua, na akisema hivyo mbele ya jaji mtatumia miaka na pesa za harambee kuthibitisha alijua.

Kinga yake iko ndani ya sheria hiyo hiyo, na nashangaa inatumika kidogo vile. Msajili anaweza kuandika kizuizi kwenye rejista, kwamba hakuna mauzo, rehani wala mkataba mrefu wa kukodisha utakaosajiliwa kwa ardhi hii mpaka sharti fulani litimizwe. Mnaweza kuomba sharti liwe ni barua ya mkutano mkuu wa wakazi iliyoambatana na kumbukumbu zake. Hiyo inaonekana kwa sachi, benki inaiona, wakili wa mnunuzi anaiona kabla hata hajapanda lifti kumwambia mteja wake. Nimesema rehani makusudi, kwa sababu watu wanaogopa kuuza tu, na ardhi inaweza kupotea bila kuuzwa, mdhamini anachukua mkopo ati wa kujenga maktaba, mkopo haulipiki, na dalali wa mnada hana habari na watoto wenu wanacheza wapi.

Alafu kuna jinsi wadhamini wanapatikana. Hati ya trasti inaweza kusema wadhamini waliobaki ndio watajaza nafasi ikiwa wazi, na kama imeandikwa hivyo basi mmeshajenga klabu, watachaguana wenyewe kwa wenyewe mpaka Kiama. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haikuachia mambo hivyo. Kule kamati ya usimamizi ni watu 7 hadi 15, wanachaguliwa na mkutano wa jamii, na kuuza ardhi kunahitaji theluthi mbili ya wanajamii wote walioandikishwa, si theluthi mbili ya wale waliofika siku hiyo ya mvua. Trasti ya hisani yenye ploti yake mjini haibanwi na hiyo sheria, lakini hakuna aliyewakataza kunakili hivyo vipimo neno kwa neno na kuviweka kwa hati yenu. Mimi ningenakili.

Na hapa Nairobi kuna swali ambalo kule mashambani halina makali hivi: jamii ni nani? Wengi sana wetu ni wapangaji. Ukisema wanachama wa trasti ni wenye nyumba, umewafungia nje watu ambao watoto wao ndio wanajaza huo uwanja kila jioni, na landlodi mwenyewe anaishi Ruaka na kiwanja hakimsumbui, akipewa hesabu nzuri atapiga kura kiuzwe kesho. Trasti za ardhi za jamii zilizoanzia kwa wakulima weusi kule Georgia, Marekani, mwaka 1969, baadaye zikaja kuzoea mtindo wa kugawa bodi mara tatu: theluthi wanaoishi juu ya ardhi, theluthi majirani, theluthi watu wa kutetea umma kwa jumla. Si mtindo mkamilifu, lakini angalau hakuna upande mmoja unaoweza kukaa peke yake chumbani ukamaliza mambo.

Kibra wanalijua hili swali kuliko mtu yeyote. Wanubi waliwekwa pale na Waingereza, familia za askari wa King's African Rifles kutoka Sudan, na mwaka 1918 ikatangazwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Walikuja kupata hati mwaka 2017, ya ekari 288, ikatolewa kwa jamii kwa pamoja na si kwa mtu mmoja mmoja. Miaka mia moja kasoro mmoja! Ni ushindi na hakuna mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuwanyima, lakini juu ya hiyo ardhi na kando yake kuna maelfu ya watu wengine wa kila kabila, wanaishi, wanauza mandazi, wanazika na kuoa. Manufaa ya jamii moja na manufaa ya umma hapo si kitu kimoja, na yeyote anayeshika hati ya aina hiyo ana kazi ngumu ya kila siku ambayo hakuna karatasi inaweza kumfanyia. Sitajifanya nina jibu lake.

Voi walijaribu njia yao, mtaa wa Tanzania-Bondeni, mapema miaka ya 90, kwenye mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani wa GTZ: ardhi inabaki moja chini ya jamii, nyumba ni ya mtu binafsi. Wazo zuri, karatasi zikachelewa kupita kiasi, na karatasi zikichelewa watu wanaanza kuuziana kimya kimya hata kama sheria zao zinakataza.

Sasa pesa. Hapa ndipo watu wa hisani hawapendi kuongea, wanaona ni kama unachafua kitu kitakatifu. Ardhi inakula. Inataka ua, mlinzi, maji, choo kinachofunguka, kodi ya ardhi na ada za kaunti, na kama mkataba wenu na serikali ni wa miaka 99 mjue unaisha lini, maana kuna wadhamini wamelala mpaka ukaisha. Trasti isiyo na mapato inageuka ombaomba, na ombaomba hamkatalii mtu mwenye bahasha.

Mfano ninaoupenda uko mbali, Milton Keynes, mji mpya kaskazini mwa London. Shirika lililojenga mji lilipokuwa linavunjwa mwaka 1992 wakajiuliza bustani zote hizi zitatunzwa na nani baraza likikosa pesa. Wakaunda trasti ya hisani, wakaipa maeneo ya kijani kwa mkataba wa miaka 999, na sehemu ya akili ni hii, wakaipa pia mali ya biashara yenye thamani ya kama pauni milioni 20, ili kodi ya hayo majengo ndiyo itunze nyasi. Waislamu wa Pwani na wa hapa hawatashangaa, wakfu umefanya kazi hivyo tangu zamani, unaweka duka ili kodi ya duka ilishe madrasa. Na sisi? Sisi tunapatia kikundi cha vijana ekari mbili za matope, tunakata utepe, tunapiga picha, alafu mwaka ukiisha tunashangaa mbona wameanza kukodisha pembe moja kwa mwenye kuosha magari.

Msitu wa Karura hapa Nairobi ndio karibu zaidi tumefika na mfano huo. Januari 1999 Maathai na wenzake walipigwa pale wakijaribu kupanda miti kwenye msitu ambao ulikuwa umeshagawiwa watu binafsi. Hata baada ya kuokolewa bado ulikuwa mahali pa kuogopwa, ungeingia peke yako watu wangesema umechoka na maisha. Kilichobadilisha ni ushirikiano wa Shirika la Huduma za Misitu na chama cha Friends of Karura, uzio wa stima ukawekwa kuzunguka, mageti, tiketi, vijana wa mitaa jirani kama Mji wa Huruma wakapata kazi ya doria, na hizo hekta 1,041 zikaanza kujilipia. Mambo yakaenda vizuri miaka mingi. Alafu Agosti 2025 shirika likatangaza malipo yote yaingie kwa akaunti yake ya eCitizen, ule mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na Nairobi nzima ikapiga kelele.

Kelele zilikuwa za haki, lakini wengi walikosea wapi pa kuangalia. Serikali ilikuwa na haki ya kusema msitu ni wa umma na pesa ya umma ionekane. Chama kilikuwa na haki ya kusema mkizipeleka Hazina hazitarudi kulipa mlinzi. Kilichokosekana ni kitu cha kuchosha sana: mkataba wenye nguvu ya kutosha, unaosema pesa ya Karura inabaki Karura kwa kiasi gani, inakaguliwa na nani, na hesabu inatundikwa wapi ili mimi niliyelipa getini niione. Chama kilikuwa kinasimamia bila kumiliki, na anayesimamia bila kumiliki anaweza kuondolewa kwa barua moja.

Upande wa pili wa pesa nao una sumu yake. Holi ikianza kuingiza, utaona Jumamosi zote zimeshalipiwa na harusi, tenti nyeupe, viti vya kukodi, na watoto wa shule za ngoma na karate wamesukumwa mpaka Jumanne saa tatu asubuhi wakati wako darasani. Vitabu vinapendeza, ripoti ya mwaka ina rangi, na manufaa ya umma yameshakufa. Mimi nikitaka kujua trasti inafanya kazi siulizi kwanza iko na shilingi ngapi benki, naenda pale siku ya mapumziko naangalia nani yuko ndani bila kulipa.

Kwa hivyo kama mtaa wenu uko katikati ya hii shughuli saa hii, na nasikia iko mingi, msiharakishe kusaini. Mwambieni wakili aandike kwamba trasti ikivunjwa ardhi inaenda kwa trasti nyingine ya hisani yenye lengo hilo hilo, isigawanywe wanachama. Kizuizi kiombwe kwa msajili siku hiyo hiyo ya usajili, si "tutakuja kuweka". Muda wa mdhamini uwe na mwisho. Na mpangaji aliyekaa mtaani miaka fulani awe na kura sawa na landlodi, hapo mtagombana, gombaneni sasa.

Kuhusu lile jambo la MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kuwa mlezi wa trasti, ambalo linaletwa kila mara na mtu aliyeketi kiti cha mbele, mimi nasema hapana. Kaunti ndiyo inawadai ada, ndiyo inatoa vibali vya ujenzi, na ndiyo siku moja mtaishtaki kama mambo yataharibika, sasa mtamwita nani shahidi na mwanasiasa wa kaunti jina lake liko juu ya barua zenu? Akitaka kusaidia kuna kazi pale bungeni City Hall, apitishe bajeti ya maji na choo, alafu Jumamosi aje acheze mpira kama watu wengine.